Kazi za kuingiza sauti ukiwa nyumbani: wateja wa mtandaoni mnawapataje?

Sauti_ya_Kizota

Wakuu habari za humu. Niko Dodoma, nimetangaza redio ya jamii miaka kadhaa, taarifa ya habari, vipindi vya afya, na matangazo ya wafanyabiashara wa hapa mjini. Sasa nataka niingie kwenye kazi za kuingiza sauti za mtandaoni, zile za kusomea video, masomo ya kwenye kompyuta, matangazo, vitabu vya kusikiliza, chochote cha halali. Vifaa nimeshajichanga nikanunua, maiki ya kondensa AT2020 na intafesi ya Focusrite Scarlett Solo (kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta), laptop ninayo, kurekodi natumia programu ya Audacity. Studio yenyewe ni chumba changu cha kulala, juu bati, chini ya bati dari ya jipsam, dirisha linaangalia barabara ya bodaboda.

Fiverr, lile soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, nimefungua akaunti, nimeweka bei ya dola 5, ila mpaka leo kimya, hata wa kuulizia hakuna. Halafu kuna mtu kanifuata Telegram anataka nimrekodie sentensi elfu kadhaa za Kiswahili, anasema ni za utafiti, malipo ni mara moja tu, na nikimuuliza mkataba ananiambia nianze kwanza tutaandikishana baadae.

Naomba kujua hivi wateja wa Kiswahili wapo kweli na wanapatikana wapi? Pesa inafikaje huku Tanzania? Na huyu wa sentensi nimkubalie au nimpotezee? Niko siriasi wakuu, hii kazi naipenda na nataka iwe ndio ajira yangu.

Mzee_wa_Tabata

Karibu sana mdogo wangu. Mimi hii ndio inayosomesha watoto wangu kwahiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo, univumilie.

Wateja wapo, ila wale wenye hela nzuri hawakai Fiverr wanapekua ofa za dola 5. Mnunuzi mkubwa wa sauti ya Kiswahili ni kampuni za tafsiri, za Ulaya, Marekani, India, Afrika Kusini. Inakuwa hivi, shirika fulani limetengeneza video ya mafunzo kwa Kiingereza, labda usalama kazini au chanjo ya watoto, wanataka itoke kwa lugha kumi na kitu na Kiswahili kimo, wanaikabidhi kampuni ya tafsiri, na pale kampuni kuna mtu anaitwa meneja wa mradi ana siku mbili tatu tu na kwenye orodha yake sauti za Kifaransa zimejaa ila za Kiswahili anazo mbili na mmoja hapokei simu. Huyo ndio mteja wako. Hatafuti wa bei chee, anatafuta mtu ambaye faili lake akilipeleka kwa mwenye mali halirudishwi.

Kumpata ni kazi ya kukaa chini na kuandika. Tovuti za hizo kampuni nyingi zina ukurasa wa kujiandikisha kwa wafanyakazi huru, jaza, weka wazi kwamba wewe ni sauti ya kike, Kiswahili cha Tanzania, una studio yako mwenyewe, na unaweza kurudisha kazi kwa mda gani. Fungua wasifu ProZ.com pia, watu wanadhani ni ya watafsiri peke yao lakini kazi za kuingiza sauti zinapita pale. Ukituma barua pepe iwe fupi, mistari mitano sita inatosha, na demo iwe linki ya kubonyeza ikacheza hapohapo. Ukimtumia faili zito la kupakua hafungui.

Zipo na tovuti za kazi za sauti zenyewe, Voices.com ya Kanada, Voice123, Bodalgo ya Ujerumani. Zile unashindana kwa majaribio, yaani skripti inatupwa, kila mtu anarekodi kipande, mteja anachagua, na ukitaka kuona kazi nyingi utalipia ada. Sikushauri ulipie sasa hivi. Nenda ukaangalie kwanza kwa akaunti ya bure uone kazi za Kiswahili zinatoka mara ngapi, ndio uamue. ACX, ile tovuti ya kurekodia vitabu vya kusikiliza vya Audible, usipoteze mda nayo, wanapokea wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ayalandi tu.

Demo ndio duka lako. Fanya tatu tofauti, kila moja isizidi dakika moja: ya tangazo, ya masimulizi, na ya elimu. Hiyo ya elimu ndio ikazanie kuliko zote maana kazi za Kiswahili zinazokuja kwa wingi ndio hizo, afya, kilimo, mikopo ya simu, mafunzo ya wafanyakazi, na zile sauti za kupokelea simu za bonyeza moja bonyeza mbili. Usiweke muziki chini ya hiyo ya elimu, mteja anataka asikie chumba chako. Na uondoe utangazaji, samahani kusema hivyo kwa mtu wa redio, lakini ile sauti ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwenye video ya mama anayeelekezwa kunyonyesha inamtisha mama wa watu. Soma kama unamwelekeza shoga yako mmekaa jikoni.

Bei: toka kwenye dola 5 leo hii. Fiverr wanakata asilimia 20 kwahiyo unabaki na 4, halafu kwa muuzaji mpya pesa inakaa siku 14 baada ya oda kukamilika ndio uitoe. Wengi tunatoza kwa dakika ya sauti iliyokamilika au kwa neno, na tunaweka bei ya chini kabisa ya kufungulia studio, hata kama skripti ni mistari miwili. Kabla ya kutaja bei uliza itatumika wapi na kwa mda gani. Video ya ndani ya kampuni ni bei moja, tangazo la kurushwa redio na TV nchi tatu mwaka mzima ni bei nyingine kabisa, hapo unauza na ruhusa ya kutumia sauti yako. Tafuta mwongozo wa bei wa GVAA, chuo cha wasanii wa sauti, uko wazi mtandaoni, ni wa soko la Marekani lakini utaona jinsi wenzetu wanavyopanga hayo mambo.

Pesa kufika: PayPal kwetu unalipia vitu lakini kupokea hapana. Fungua Payoneer, ni huduma ya kupokelea malipo ya nje, Fiverr na Upwork zote zinatuma huko, na kampuni nyingi za tafsiri wanaijua, ukitoa inaingia benki yako ya hapa hapa. Jina la Payoneer, la benki na la kitambulisho cha NIDA yawe sawasawa herufi kwa herufi, hapo ndio watu wanakwama wiki nzima.

Kasarani_Booth

Niko Nairobi, huku kwetu PayPal inapokea na unaeza itoa straight kwa M-Pesa, so kwa hiyo maneno ya pesa Mzee amekujibu. Mimi niongee kuhusu chumba, maanake kusema ukweli dada yangu hapo ndio vita iko.

AT2020 ni maiki poa lakini ni kondensa, itashika kila kitu, boda ya nje, mbwa wa jirani, friji ya sebuleni. Kabla ununue kitu ingine fanya hii test: kaa mahali huwa unarekodia, weka geni (ile nguvu ya kuongeza sauti ya maiki) ile unatumianga, rekodi sekunde kumi bila kuongea, hata usisongeshe kiti. Kwa Audacity iselekti hiyo kimya alafu angalia RMS, yaani wastani wa nguvu ya sauti. ACX hawatuchukui lakini standadi zao ni pimo nzuri na ziko wazi: kelele ya chumba iwe chini ya -60 dB, sauti yenyewe RMS ikae kati ya -23 na -18, na kilele, yaani pale sauti inapanda juu kabisa, kisipite -3. Ukifikisha hizo hakuna kampuni itakusumbua na mambo ya ubora.

Trei za mayai achana nazo, hazizuii kelele kuingia na mwangwi wa chini haziguzi. Kitu inafanya kazi ni uzito: godoro, mablanketi mazito, nguo. Fungua kabati ya nguo, weka maiki ikiangalia wewe na wewe mgongo wako uangalie godoro imesimamishwa, juu ya kichwa tundika blanketi, maanake dari ya jipsam inarudisha sauti moja kwa moja kwa maiki na watu wengi husahau dari. Usikae katikati ya chumba, na usikae kona tupu. Maiki iwe kama shubiri moja na nusu kutoka kwa mdomo, imepinda kando kidogo ndio P na B zisipige puff. Hapo ukifunga dirisha na mlango chumba kitakuwa joto mbaya, lakini feni lazima izimwe.

Mabati na mvua hakuna dawa, mvua ikianza unangoja. Mimi hurekodi kuanzia saa tano usiku ama saa kumi alfajiri kabla ya adhana na kabla ya matatu kuanza kupiga honi. Friji naichomoa kwa stima, na funguo za gari naziacha ndani ya friji ndio nisisahau kuirudisha. Na tafadhali usitegemee ile Noise Reduction ya Audacity ikuokoe, ukiikaza sauti inakuwa kama mtu anaongea ndani ya maji na mtu wa agency ataijua sekunde ya kwanza. Kata tu mngurumo wa chini ya 80 Hz, basi.

Ingine ya kukuokolea time: jifunze Punch and Roll, ni Shift+D kwa Audacity. Ukikosea neno unarudi nyuma kidogo, inakuchezea sekunde chache za mwisho alafu inaanza kurekodi palepale. Skripti ya nusu saa ukiisoma hivyo unamaliza ikiwa karibu safi, badala ya kurekodi masaa mawili uanze kueditia hadi asubuhi.

Ngosha2

Sipendi kumkatisha mtu tamaa lakini tuambiane ukweli. Akili bandia imeshaingia, sauti za Kiswahili za kompyuta zipo na kila mwezi zinazidi kuwa nzuri, kuna watu YouTube wanatumia hizo bure kabisa na watazamaji wanasikiliza bila shida. Dada anataka kuingia kwenye ajira ambayo inakufa. Si bora hizo nguvu aweke kwenye kuediti video au kitu kingine?

Mkunazini

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, nasimamia miradi ya Kiswahili kwa kampuni moja ya tafsiri ya nje, yaani ni mmoja wa hao mameneja aliowataja Mzee wa Tabata, na kazi yangu ni pamoja na kusikiliza majaribio ya sauti na kuchagua. Nimjibu kaka Ngosha kwanza. Ni kweli kazi za bei ya chini kabisa zimeondoka, na hazitarudi. Lakini nasikiliza sauti za kompyuta kila wiki, na Kiswahili chake bado kinakwama pale pale: mkazo unaangukia silabi isiyo yake, tarehe na namba zinasomwa kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, majina ya watu na miji yetu yanavunjwavunjwa. Mteja wa video ya dawa ya kifua kikuu hawezi kukubali dozi isomwe kwa makosa. Kazi za namna hiyo bado tunazipa watu, na watu wenyewe wazuri ni haba.

Sasa dada, nikwambie naangusha watu kwa sababu gani. Wa kwanza ni chumba, ameshasema kaka wa Nairobi. Wa pili ni matamshi, mtu anasoma zahabu, samani ya mali badala ya thamani, galama badala ya gharama. Nyumbani tunaelewana, kwenye kazi ya kulipwa inarudishwa. Wa tatu, na hapa ndipo wewe unaweza kuwapita wengi, ni mtu anayesoma skripti kama ilivyo hata ikiwa na makosa. Skripti nyingi za Kiswahili zinakuja zimetafsiriwa ovyo, ngeli zimegongana, sentensi moja ina maneno arobaini haina pa kupumulia. Mtu anayeniandikia kabla ya kurekodi, "ukurasa wa pili mstari wa nne nadhani ilikusudiwa hivi, nirekebishe?", huyo namuweka juu kabisa ya orodha yangu, maana ameniokoa kurekodi mara mbili. Usirekebishe kimya kimya lakini, uliza.

Na jambo la muda. Kiswahili kikitafsiriwa kutoka Kiingereza hurefuka, na video haikurefuka pamoja nacho. Kipande cha sekunde 12 unapewa maneno ya sekunde 16. Wasiojua hukimbiza maneno mpaka msikilizaji anaachwa njiani. Anayejua anatuambia mapema kipi kipunguzwe, au anasoma kwa kasi ya kawaida na kubana vituo tu. Jizoeze: chukua video yoyote ya mafunzo, zima sauti, andika Kiswahili chake, usome kwa kufuata picha. Hiyo pia unaweza kuifanya demo.

Faili tunataka WAV, 48 kHz, biti 24, isiyowekewa madoido, na jina la faili liwe lile tulilokupa sisi herufi kwa herufi. Mtu akinitumia faili mia mbili zilizoitwa "rekodi mpya 1, rekodi mpya 2" simpi kazi tena, hata awe na sauti ya kinanda. Mara nyengine mteja atataka akusikilize wakati unarekodi, basi unamuweka kwenye Zoom asikie, huku wewe unarekodi kwenye kompyuta yako kwa ubora kamili.

Mwisho tuandikie na lahaja yako kwa ukweli. Tunaombwa Kiswahili cha Tanzania, cha Kenya, na cha Kongo kama vitu vitatu mbali mbali, na mtu wa Goma anajua baada ya sentensi moja kwamba msomaji si wa kwao. Usijiandikishe kwa yote matatu.

Mzee_wa_Tabata

Shukran bi Mkunazini, umeongea yote. Nirudi kwa yule wa Telegram maana hilo ndio linaniuma zaidi na dada hajajibiwa.

Dada, usirekodi hata sentensi moja bila mkataba. Sentensi elfu kadhaa zisizohusiana, zenye usomaji wa sauti moja iliyotulia, hiyo ni malighafi ya kutengenezea sauti ya kompyuta. Si lazima awe tapeli, kazi za hivyo halali zipo na zinalipa, lakini unachouza pale ni sauti yako yote ya baadae. Marekani kuna wasanii wawili wa sauti, mtu na mwenzake, Paul Lehrman na Linnea Sage, walipewa kazi kupitia Fiverr. Mmoja kwa madai yao aliambiwa ni ya utafiti wa kitaaluma, mwingine ni majaribio ya matangazo ya redio, wakalipwa dola 1,200 na dola 400. Baadae wako kwenye gari wanasikiliza podikasti wakaisikia sauti ya Lehrman inaongea vitu ambavyo hajawahi kuvisema. Mwaka 2024 wakaishtaki LOVO, kampuni ya sauti za akili bandia, kule New York, na Julai 2025 jaji akafuta baadhi ya madai akaacha mengine yaendelee. Kabla yao Bev Standing wa Kanada aliishtaki TikTok mwaka 2021 kwa sababu sauti aliyorekodi kwa kazi ya tafsiri ilikuja kuwa ndio sauti ya programu yao ya kusoma maandishi, wakamalizana nje ya mahakama. Hao ni watu wenye mawakili. Sisi tukiibiwa tunaenda kumlalamikia nani?

Kwahiyo muulize huyo jamaa kwa maandishi: kampuni gani, sauti itatumika kwenye bidhaa gani, itauzwa kwa watu wengine au la, kwa miaka mingapi, na ukitaka iondolewe inaondolewaje. Akikwepa hata moja achana naye. Na kwenye kazi zako zote za kawaida ongeza mstari kwenye makubaliano kwamba rekodi hairuhusiwi kufundishia akili bandia wala kutengenezea sauti ya kuiga. Mimi naweka kila ankara, hakuna mteja wa maana aliyewahi kukataa.

Kasarani_Booth

Hapo kwa mkataba niongeze, huku Kenya sheria ya kulinda data ya 2019 imetaja utambuzi wa sauti kati ya data za mwili wa mtu, na nyinyi pia mko na yenu ya 2022. Hata kama hutaenda kotini, ukiitaja kwa email mtu anajua unajua.

Sauti_ya_Kizota

Jamani asanteni sana, sikutegemea kupata watu wa kunifungukia hivi. Yule wa Telegram nimemtumia hayo maswali ya Mzee yote kama yalivyo, kasoma, tiki mbili zimeonekana, hajajibu. Fiverr nimetoa ile ofa ya dola 5, nitairudisha nikiwa na demo mpya na bei inayoeleweka. Leo nimeanza kuandika orodha ya kampuni za tafsiri za kuziandikia na nitakuwa natuma chache kila siku.

Kaka wa Kasarani, nimefanya kipimo cha kimya. Na godoro, blanketi juu, dirisha limefungwa, nimepata -54. Feni nimezima, friji haipo chumba hiki, boda hazipiti usiku huu. Nikivaa hedifoni nasikia kama upepo mwembamba unavuma, hauishi. Ni maiki au?

Kasarani_Booth

Maiki haina shida hapo, AT2020 inaeza kushuka chini ya hiyo. Laptop iko wapi? Nadhani unasikia feni ya laptop, ikipata joto ndani ya blanketi inapiga kelele zaidi. Itoe nje ya hiyo kibanda kabisa, iweke nyuma ya godoro ama hata chumba kingine. Kebo ya XLR, ile ya maiki, ya mita tano sita haipunguzi ubora, so maiki ibaki ndani na intafesi itoke na laptop. Skripti isomee kwa simu ikiwa airplane mode, ama uprinti, lakini karatasi usizigeuze ukisoma. Alafu toa chaja kwa ukuta urekodi na betri, wakati mwingine kuna mngurumo wa stima unaingilia hapo. Jaribu hizo mbili usiku huu utuambie namba.

Sauti_ya_Kizota

Nimehamishia laptop koridoni, nimetumia betri. -61.

Mkunazini

Hongera. Ukishamaliza demo ya elimu nitumie linki inbox, na uniandikie bei yako kwa dakika.